Shela inakatika nikitoa bakgraundi: nifanyeje?

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Nina duka dogo karibu na mtaa wa Biashara hapa Mombasa, nauza leso, madera na shela za shifoni. Binti yangu ndiye anayenivalia nguo, nampiga picha kwa simu mumo humo dukani, kisha kwenye laptopu natoa bakgraundi kwa GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha. Mambo matatu yananishinda. Ukingoni mwa nguo hubaki uzi mwembamba wa rangi za nyuma. Shela ikiwa nyepesi, ama inakatika yote, ama inabaki na maua ya leso zilizotundikwa ukutani. Na nikimtumia mteja kwa WhatsApp, ananiambia nyuma kumekuwa kweusi. Naona kuna tovuti zinazofanya kazi hii kwa sekunde mbili. Nihamie huko?

JIBU: Wa alaikum salaam, dadangu. Umeniuliza mambo matatu lakini mimi nayaona yana mzizi mmoja. Unaichukulia picha kana kwamba kila kidoto chake, yaani kila pikseli, ni cha nguo au si cha nguo. Viko vidoto ambavyo ni nusu nguo, nusu ukuta, na taabu yako yote imo humo.

Hebu fungua picha moja ya buibui, ikuze hadi asilimia 800, utazame ukingo wa bega. Hutaona mstari. Utaona ngazi: weusi wa buibui, kisha weusi uliopauka wenye wekundu kidogo, kisha wekundu uliozidi, ndipo ije leso yenyewe ya ukutani. Zile pikseli mbili tatu za katikati zimechanganya mwanga wa nguo na mwanga wa kilicho nyuma yake. Lenzi ya simu haikati kama wembe, na pikseli moja yaweza kuangukia pande zote mbili. Ukizichukua nzima nzima, ndio huo uzi wako. Ukiziacha zote, bega linaota meno kama msumeno.

Kila pikseli ina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa picha za kompyuta Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa New York Institute of Technology, waliiongezea namba ya nne, wakaiita alfa. Kazi yake ni kusema pikseli hii ifunike kiasi gani kilicho chini yake. Kwenye picha za kawaida 0 ni wazi kabisa, 255 imeziba kabisa, na katikati yake ndiko kuliko nusu na robo zote. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika hesabu za kuweka picha juu ya picha kwa namba hiyo, na mwaka 1996 wote wanne wakapewa tuzo ya kiufundi na wale wanaotoa Oscar. GIMP iliyomo kwenye laptopu yako inapiga hesabu hizo hizo, bure, bila hata intaneti.

Lakini picha ya simu huwa ni faili la aina ya JPEG, na JPEG haina namba ya nne. Kwa hivyo ukiifungua, jambo la kwanza nenda kwenye menyu ya Layer, kisha Transparency, ubonyeze "Add Alpha Channel". Usipofanya hivyo, kila unapofuta unapakwa rangi badala ya kupata uwazi.

Na hapo kwenye kufuta ndipo ninapotaka unisikilize sana. Usifute. Kiweke kifutio kando kabisa, utumie barakoa ya leya (leya ni tabaka moja la picha, kama karatasi juu ya karatasi). Barakoa unaijua: mwanamke akiivaa, uso wake upo pale pale, umefichwa tu, na akiivua unauona. Barakoa ya leya ni hivyo hivyo. Ni picha ya pili ya rangi nyeusi, nyeupe na kijivu inayolala juu ya leya yako. Penye nyeupe nguo inaonekana, penye nyeusi imefichwa, na penye kijivu iko nusu. Umekosea? Badili brashi iwe nyeupe, upake tena, na kilichopotea kinarudi.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Mwanzoni mwa kazi hii nilimtolea bibi harusi bakgraundi kwa kifutio, nikahifadhi juu ya faili ile ile ya asili. Siku tatu baadaye mamake akaja na picha mkononi: "Mwanangu, na pindo la gauni liko wapi?" Nilikuwa nimelifuta pamoja na zulia. Mpiga picha alishasafisha kadi yake, na gauni lile lilikuwa la kukodi, lilisharudishwa. Hapakuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo sijagusa kifutio kwenye picha ya mtu.

Sasa ule uzi. Chagua umbo la nguo kwa zana yoyote uliyoizoea. Kabla ya kuweka barakoa, ingia menyu ya Select, bonyeza "Shrink" kwa pikseli 1, halafu "Feather" kwa pikseli 1 au 2. Hapo umerudi ndani kidogo na kuulainisha ukingo. Kisha "Add Layer Mask", ukiiambia itokane na ulichochagua. Uzi mwingi utakwisha. Ukibaki, usiendelee kukata, maana utaikondesha nguo. Chukua zana ya Clone, hakikisha uko kwenye leya yenyewe na si kwenye barakoa, unakili rangi ya ndani ya nguo na uipake kuelekea nje, hata ipite ukingo. Usiogope kuvuka, barakoa itaficha kilichozidi. Zile pikseli chotara zinabaki na uwazi wao, ila rangi yao sasa ni ya nguo, si ya ukuta. Weka leya ya rangi kali chini yake uangalie, halafu ya nyeupe, halafu ya nyeusi. Kosa linalojificha kwenye nyeupe huonekana kwenye nyeusi.

Kwa leso usijisumbue na zana zinazochagua zenyewe. Leso ina pindo, mji na jina, na pindo lenye maua mbele ya ukuta wa maua litaichanganya zana yoyote. Nimeona leso zikitolewa bakgraundi zikabaki mji na jina tu, kama shati lisilo na mikono. Tumia zana ya Paths, uizungushe leso kwa vituo vichache. Ni kitambaa cha pembe nne. Dakika tano zinatosha, na mstari unatoka safi kuliko wa mashine.

Shela ni habari nyingine, na hapa sitakudanganya: picha ulizokwisha kupiga mbele ya ukuta wa leso, ziache ziende zao. Shifoni inaonyesha. Kila pikseli ndani yake ni mchanganyiko wa shela na ua lililo nyuma, na hakuna programu inayoweza kujua kwa yakini wekundu huu ni wa nani. Kazi ya shela hufanywa kabla ya kompyuta kuwashwa.

Tafuta shuka jeupe lisilo na ua hata moja, ulipige pasi. Litundike kwenye kivuli cha baraza, si juani. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linaanguka wima, linaacha vivuli vyeusi chini ya macho na kuichoma shela ikawa nyeupe tupu. Piga alasiri. Msimamishe binti mita moja na nusu au mbili mbele ya shuka, ili kivuli chake kisilale juu yake. Na akae mbali na kuta zilizopakwa rangi. Ukuta wa waridi hutupa uwaridi kwenye nguo na kwenye shavu, na rangi hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Ukirudi kwenye laptopu, anza na Levels, zana ya kurekebisha mwanga. Chukua kile kitone cha kuchagua nyeupe, ubonyeze kwenye shuka, ili shuka liwe jeupe kweli. Kisha inakili leya mara mbili. Leya ya juu ibaki ya kawaida, na barakoa yake ionyeshe mwili na nguo nzito peke yake, ikiwemo sehemu ya shela iliyolala juu ya nguo. Leya ya chini yake ibadilishe hali iwe "Multiply", na barakoa yake ionyeshe shela inayoning'inia, bila kujali sana ukingo, hata kipande cha shuka kikiingia si neno. Chini ya hizo mbili weka rangi au picha unayoitaka iwe nyuma.

Multiply ni kuzidisha tu. Nyeupe inahesabiwa kuwa 1, na chochote ukizidisha kwa 1 hakibadiliki, kwa hivyo shuka linatoweka lenyewe bila kukatwa. Shela, kwa kuwa imepunguza mwanga wa shuka, inapunguza vile vile rangi mpya iliyo nyuma yake. Mikunjo inabaki, nyuzi zinabaki, na bakgraundi mpya inaonekana kupitia kitambaa kama ambavyo jicho lingeiona. Mara ya kwanza ukiiona utafurahi, nakuhakikishia.

Ikiwa shela yenyewe ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, geuza mambo: nyuma weka kitambaa cheusi, na badala ya Multiply tumia "Screen", inayofuta nyeusi na kuacha mwanga. Kitambaa cha buibui chatosha, nacho dukani kwako hakikosekani.

Na ukitaka shela peke yake kwenye hanga, iko njia safi zaidi. Mwaka 1996 Alvy Ray Smith huyo huyo na Jim Blinn walionyesha kwamba kitu kikipigwa mbele ya rangi mbili tofauti bila kusogea, uwazi wake wote unaweza kuhesabiwa. Weka simu kwenye kistendi ndani ya nyumba, feni izimwe, ubonyeze na kushikilia kidole kwenye kioo ili mwanga usijibadilishe. Piga mbele ya nyeupe, kisha mbele ya nyeusi. Kwenye GIMP weka nakala ya moja juu ya nakala ya nyingine kwa hali ya "Difference", ziunganishe ziwe leya moja, uigeuze rangi kinyume, na hiyo picha ya kijivu uliyopata ndiyo barakoa yako. Iweke kwenye ile picha ya nyuma nyeusi. Shela ikitoka imefifia kuliko ilivyo, iongezee mwanga kwa Levels.

Kuhusu weusi wa WhatsApp, wewe hukukosea kitu. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana na kuigeuza JPEG, ambayo ni kanuni ya mwaka 1992 isiyo na nafasi ya uwazi, basi pale palipokuwa wazi panajazwa rangi. PNG, iliyokuja mwaka 1996, ndiyo inayobeba alfa. Kama mteja anahitaji uwazi wenyewe, tuseme ni mchapishaji wa mabango, hamisha kwa "Export As" uite faili jina linaloishia .png, na kwenye WhatsApp litume kama dokumenti. Kama mteja anataka kuona dera tu, uwazi wa nini? Weka leya nyeupe au ya krimu chini, toa JPEG, mtumie. Lile faili la XCF, yaani la GIMP yenyewe lenye leya zote, libaki kwako.

Tovuti za sekunde mbili sizichukii. Kwa viatu, bangili, chupa za manukato, zitumie, ingawa nyingi hukupa bure picha ndogo na kubwa unailipia. Shela zinaikata kama ulivyoikata wewe. Lakini picha ya binti yako usiipeleke huko. Ukiipakia, imeshatoka mkononi mwako, imo kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Unajua wateja wetu walivyo na picha: kuna bibi harusi anayekubali kupigwa kwa sharti kwamba hakuna mwanamume atakayeziona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na wewe uliyepewa uitunze. Kazi inayofanyika ndani ya laptopu yako haina haja ya kusafiri.

Hukuniuliza kuhusu kivuli, ila nimeona bidhaa nyingi zikielea hewani baada ya kutolewa bakgraundi. Chini ya leya ya nguo weka leya tupu, paka weusi kidogo pale miguu inapogusa ardhi, uutie ukungu, upunguze nguvu hadi karibu asilimia 30. Nguo itasimama.

Chukua shela moja tu, ile inayokusumbua kuliko zote, uijaribu Ijumaa hii baada ya swala ya Alasiri. Upepo wa bahari ukiwa mwingi, mwambie binti aishike ncha moja.