Faili la mipangilio ni la mteja, usiliguse

Juzi kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia: "Kaka, nimefanya apdeti ya mfumo kwa mteja, umewaka vizuri lakini data zote hazionekani. Nifanyeje?" Moyo ulinidunda. Nilijua kilichomkuta kabla hajanitumia faili hata moja, maana kilishanikuta mimi.

Nilikuwa nimeandika mfumo wa mauzo wa duka la dawa za jumla hapa Mwanza. Unafunguka kwenye kivinjari, na seva yake ni kompyuta ya Debian, aina ya Linux, iliyokaa chini ya kaunta. Nilichoka kuhamisha mafolda kwa flashi, nikajifunza kufungasha pakiti ya .deb, yaani faili moja ambalo Debian hulitumia kusakinisha programu. Siku apt, programu ya Debian ya kusakinisha pakiti, ilipoipokea bila kosa hata moja nilijiona fundi kamili, na hadi leo najivunia kwamba nilijifunza peke yangu, usiku, baada ya kazi.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Ndani ya postinst, skripti inayoendeshwa baada ya faili za pakiti kukaa mahali pake, niliandika cp, amri ya kunakili: chukua config.ini, faili la mipangilio la mfano, kutoka folda ya /usr/share, iweke folda ya /etc. Sikujua kwamba skripti hiyohiyo huitwa tena kila pakiti inapopandishwa toleo. Nikapandisha toleo usiku nikiwa nyumbani, nikaona ukurasa wa kuingilia umefunguka, nikalala.

Kumbe faili la mteja, lenye nywila ya PostgreSQL, databesi yenye data zake zote, lilishafunikwa na la kwangu. Na la kwangu lilisema: databesi isipotajwa, tengeneza SQLite mpya, databesi ndogo ya faili moja, ndani ya folda ya /var/lib. Kwa hiyo mfumo haukulalamika. Uliwaka ukiwa mtupu. Asubuhi muuzaji akakataliwa jina lake, akakumbuka siku ya mafunzo, akaandika admin na nywila admin. Akaingia! Akaanza kusajili dawa moja moja kadiri wateja walivyoziulizia.

Saa tano mama mwenye duka alifika, akafungua ripoti ya stoo. Bidhaa 31. Akanipigia simu: "Mwanangu, dawa zangu ziko wapi?"

Data za zamani zilikuwa salama kwenye PostgreSQL. Mauzo ya asubuhi ndiyo yalikuwa kwingine. Nilikaa juu ya katoni za dripu hadi jioni nikiingiza risiti 43 kwa mkono, wino wa nyingine umeshaanza kufifia, huku wauzaji wakinipita bila kunisemesha. Mkataba ulipoisha hawakuniita tena. Nilishaomba radhi, lakini bado inaniuma.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka programu zenu zisakinishwe kwenye seva za watu msiowajua. Ulichokiweka /usr/share ni chako, kibadilishe utakavyo. Kilichoko /etc ni cha mwenye mashine. Sera ya Debian inasema wazi kwamba mabadiliko ya mwenye mashine lazima yabaki pakiti inapopandishwa. Ukilifungasha faili lako ndani ya /etc kwa debhelper, zana ya kutengeneza pakiti za Debian, basi dpkg, programu inayozisakinisha, italitambua yenyewe kuwa la mipangilio: mteja akiwa amelibadilisha na wewe umelibadilisha, itamuuliza, na asipochagua kitu litabaki lake, lako liwekwe pembeni kwa kiambishi .dpkg-dist. Kwenye RPM, pakiti za Linux nyingine kama Fedora, andika %config(noreplace). Kazi hii ilishafanywa na watu makini miaka mingi. Mimi niliipita kwa cp.

Na msiache mfumo ubahatishe. Databesi haijatajwa? Ukatae kuwaka, useme sababu. Ungekataa usiku ule, ningejua usiku uleule. Nywila ya admin isiwepo kabisa kwenye pakiti, wala ufunguo wa siri wa vikao, unaolinda watumiaji walioingia kwenye mfumo: ukiufungasha, kila mteja wako anatumia ufunguo mmoja na mwenzake. Utengenezwe kwenye mashine yenyewe, mara moja, usomwe na root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na akaunti inayoendesha huduma tu. Na huduma isikilize 127.0.0.1, yaani ipokee maombi ya mashine hiyohiyo tu, hadi mwenyewe aifungue. MongoDB, watengenezaji wa databesi ya jina hilo, wenyewe walifanya hivyo kwa kila namna ya kuisakinisha kuanzia toleo la 3.6, mwaka 2017, na mwanzoni mwa mwaka huohuo maelfu ya databesi zilizoachwa wazi bila nywila zilikuwa zimefutwa na wahalifu wanaodai fidia. Watu hawabadilishi mipangilio ya awali. Wanaiamini, kwa sababu wanakuamini wewe.

Kijana wa Dodoma nimemjibu hivi: usifute chochote. Simamisha huduma, tafuta faili jipya la SQLite ndani ya /var/lib, linakili pembeni, ndilo lenye mauzo ya leo. Kisha rudisha anwani na nywila ya databesi ya zamani kwenye /etc. Na kabla ya yote hayo, nenda dukani kwa miguu yako umwambie mwenye mali kwamba ni wewe.