Mkono wa mtupaji na kijana wa nyongeza

Karibuni. Mwaka huu ligi yetu ya besiboli imepata watu wanne wapya, watatu kati yao Wakenya wa hapa hapa Lowell, Massachusetts, waliozoea fantasy ya Premier League (unapanga timu ya wachezaji halisi, unapata pointi kwa wanavyocheza), na tayari nimeona ujumbe ukizunguka, wa kumtafuta mtupaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, kwa kutoa chipukizi: "Nani ana mtupaji nyota? Nina vijana wa kutoa." Ndiyo maana naandika mapema, theluji ikiwa bado nje. Niko kwenye ligi hii tangu 2011. Nimeshinda mara mbili, na ujinga nimeufanya zaidi ya mara mbili.

Kule Premier League ukimuuza mshambuliaji Ijumaa, wiki mbili baadaye unaweza kumrudisha, hasara yako ni pointi chache. Huku tunaweka wachezaji msimu hadi msimu. Kijana uliyemchukua akiwa na miaka 18 kwenye ligi ndogo, zile ambazo klabu zinalelea vijana wao, ni wako mpaka uchoke naye, na ukimtoa amekwenda. Utakutana naye kila msimu akikuumiza kwa jezi ya mwenzako. Klabu zenyewe zinaishi hivyo hivyo. Kijana akipanda Ligi Kuu ya besiboli (MLB), klabu inabaki naye kwa takriban misimu sita kabla hajawa mchezaji huru, na ile mitatu ya mwanzo mshahara wake ni kidogo sana kwa kazi anayofanya. Anayekuja kwako kuomba chipukizi anaihesabu ile misimu. Nawe ihesabu kabla hujajibu.

Sasa, mtupaji nyota. Hakuna mtu mmoja anayebadilisha mechi ya besiboli kama yeye, ila anacheza kila baada ya siku nne au tano, na thamani yake yote imening'inia kwenye kano moja ndogo upande wa ndani wa kiwiko. Kutupa mpira kwa maili 97 kwa saa, mara mia kwa usiku mmoja, si kazi ambayo kiwiko kiliumbiwa. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mtupaji Tommy John upasuaji kwa kuchukua kano kutoka mkono wake mwingine na kuiweka kwenye ule ulioharibika. John alirudi uwanjani 1976 na akacheza hadi 1989, na upasuaji ukabaki na jina lake. Wageni wengi wakisikia hivyo wanapumua: kumbe kuna dawa. Dawa ipo, ila inakula mwaka mzima au zaidi, na wewe ulilipa kwa ajili ya mwaka huo huo.

Yangu yalinipata hivi. Msimu mmoja nilikuwa nimemaliza wa pili, nikaamini nimebakisha mtu mmoja tu. Nikatoa vijana wawili wazuri, na mwenzangu akaniambia nimwongezee wa tatu, mvulana wa miaka 19 ambaye hata jina lake nilikuwa nalikosea. Nikamwongezea. Nikampata mtupaji wangu. Jina silitaji, naye hakunikosea kitu. Aprili, nikiwa zamu ya usiku ghalani, nilifungua kabati wakati wa mapumziko nikakuta simu ina ujumbe kumi na moja. Wa juu kabisa uliandikwa neno moja tu: "Pole." Nilipewa pole kabla sijajua msiba ni upi. Kiwiko. Msimu umekwisha akiwa ametupa mechi tatu.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dalili nilikuwa nimeiona. Miezi miwili ya mwisho ya msimu uliotangulia kasi ya mpira wake ilikuwa imeshuka karibu maili mbili, na klabu yake ilimruka zamu moja "kumpumzisha". Nikajiambia ni uchovu. Ukitaka mtupaji, anza hapo: kasi ya mwezi wa mwisho ukiilinganisha na ya mwezi wa kwanza, halafu idadi ya iningi (vipindi vya mechi) alizotupa mwaka huo ukilinganisha na mwaka wa kabla. Hesabu zake za ushindi ziache kando kwanza. Na mwenye mali akiwa na haraka kuliko wewe, jiulize anajua nini.

Mnaonibishia mtasema chipukizi naye ni bahati nasibu. Kweli kabisa. Mtupaji Brien Taylor alikuwa chaguo la kwanza la nchi nzima mwaka 1991, klabu zilipochagua vijana wapya kwa zamu, Yankees wa New York wakamchukua, akaumia bega kwenye ugomvi wa mtaani 1993, na hakutupa mpira hata mmoja Ligi Kuu. Tena chipukizi anayetupa ana hatari mara mbili: hajathibitika, na mkono wake ni mkono kama mikono mingine. Desemba 2016, Red Sox wa Boston walipomchukua mtupaji Chris Sale kutoka White Sox wa Chicago, walitoa vijana wanne, wakubwa wakiwa mpigaji Yoan Moncada na mtupaji Michael Kopech. Kopech alipanda Ligi Kuu Agosti 2018, na Septemba kiwiko kikakatika. Mimi nikilazimika kutoa, natoa mtupaji kijana kabla ya mpigaji kijana, kila mara. Kwenye hili ni mkaidi.

Turudi kwa huyo Sale, maana hapa Massachusetts hamtapona bila kusikia habari zake. Mwaka wa kwanza, 2017, aliwatoa wapigaji 308 kwa straiki (mara tatu bila kuupiga mpira sawasawa). Mwaka wa pili Red Sox wakatwaa World Series, fainali ya ubingwa, naye ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho, Manny Machado. Mwaka wa tatu akaanza kuporomoka, na Machi 2020 akafanyiwa upasuaji ule ule wa Tommy John. Moncada, kwa upande wake, alikuwa na 2019 nzuri sana kule Chicago. Kuna mtu hapa mjini anayetamani biashara ile ifutwe? Mimi sijakutana naye. Angalieni walichonunua: mkataba wake ulikuwa umebakisha misimu mitatu kwa bei nafuu, na timu ilikuwa imetoka kushinda kundi lake mwaka ule ule. Mmoja akivunjika mwaka wa tatu, ule wa kwanza na wa pili umeshaula.

Linganisheni na Arizona. Desemba 2015 Diamondbacks walikuwa wametoka kumaliza msimu na ushindi 79 dhidi ya vipigo 83. Wakamsajili mtupaji Zack Greinke kwa pesa ndefu, wakaona sasa wamefika, wakaenda Atlanta kumchukua mtupaji mwingine, Shelby Miller. Walimtoa Dansby Swanson, ambaye wao wenyewe walikuwa wamemchagua wa kwanza nchi nzima miezi sita tu nyuma, pamoja na Ender Inciarte na Aaron Blair. Miller alianza 2016 akikwaruza vidole vyake kwenye kile kilima cha mtupaji kila anapomalizia kutupa, Julai akashushwa ligi ndogo, na mwisho wa msimu akawa na ushindi 3 na vipigo 12. Arizona ilipoteza mechi 93. Swanson alikuja kutwaa World Series na Atlanta mwaka 2021. Watu humcheka Miller, mimi naona mkono wake ni sehemu ndogo ya kosa. Hata angetupa vizuri, timu ile ingemaliza katikati. Walikuwa mbali na mlango, wakalipa bei ya mtu aliyeshika kitasa.

Mtu aliyeshika kitasa ni Milwaukee ya 2008. Walikuwa hawajacheza mtoano tangu 1982. Julai wakamchukua mtupaji CC Sabathia kutoka Cleveland, wakijua wazi msimu ukiisha ataondoka. Alianza mechi 17, akashinda 11 na kupoteza 2, na mwisho wa msimu alikuwa anatupa baada ya mapumziko ya siku tatu tu, jambo ambalo mtupaji anayejali mkataba wake ujao halifanyi kirahisi. Wakaingia mtoano. Wakatolewa mapema, na majira ya baridi Sabathia akaenda Yankees. Miezi mitatu ya mtu mmoja. Mzee wetu wa ligi, aliyeishi Wisconsin miaka ile, anasema watu walilia uwanjani kwa furaha, na hataki kusikia hesabu zangu.

Na Detroit ya 1987 je? Hiyo ndiyo biashara ambayo kila mtu atawatolea mfano kuwatisha: walimtoa mtupaji kijana anayeitwa John Smoltz wakapata mtupaji Doyle Alexander, mzee wa miaka 36. Smoltz aliingia Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2015, hivyo Detroit wanaonekana wapumbavu. Ila siku ile Smoltz alikuwa na miaka 20, ameshinda 4 na kupoteza 10 kwenye ligi ndogo, na Alexander alikuja akashinda 9 bila kupoteza hata moja, Detroit wakaipita Toronto kwa mechi mbili tu. Bila yeye hawafiki. Mkianza kupima biashara zenu kwa yaliyotokea miaka ishirini baadaye, hamtafanya biashara yoyote. Mtakaa na vijana wenu hadi wazeeke mikononi mwenu. Nimemwona mtu wa hivyo kwenye ligi yetu. Ana vijana wazuri kila mwaka, na kila mwaka ni wa nane.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, nalo ni nyongeza.

Mnajua sokoni. Umeshakubaliana bei ya nyanya, unasema, "Mama, niongeze basi," naye anatupia mbili tatu bila kuangalia. Kwenye biashara ya watupaji mambo ni hayo hayo. Jina kubwa mnalibishania wiki mbili, mnachunguza kila kitu, halafu mwishoni mwenzako anasema, "Niongezee na huyu mdogo tumalize," na wewe umechoka, unatupia. Juni 2016 White Sox walimtaka mtupaji James Shields wa San Diego. San Diego wakachukua mtupaji Erik Johnson na, pamoja naye, mvulana wa Kidominika wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya ligi ndogo. Mvulana huyo ni Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 alipiga home run 42 (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja), akiwa ametoka kusaini mkataba wa dola milioni 340. Hata Milwaukee, ambao nimewasifu, jina kubwa walilotoa kwa Sabathia lilikuwa Matt LaPorta, na halikuzaa kitu cha maana. Aliyezaa ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi kama "mchezaji atakayetajwa baadaye". Alipotajwa alikuwa Michael Brantley. Na Pittsburgh walipomchukua mtupaji Chris Archer mwaka 2018, Tyler Glasnow na Austin Meadows hawakutosha. Shane Baz naye akafuata baadaye kwa mlango huo huo.

Nyongeza inaumiza kwa sababu hakuna aliyeipima. Aliyeiomba ameipima. Alikaa na skauti wake, akamwona kijana akicheza mahali ambapo wewe hukwenda.

Mimi nilikuwa na bahati ya kwenda. Kabla ligi ndogo hazijapunguzwa, Red Sox walikuwa na timu ya vijana hapa Lowell, ikicheza kando ya mto Merrimack. Mwaka 2012 nilikuwa naingia na mwanangu, tiketi ya bei ya soda na chipsi. Kulikuwa na mchezaji mmoja mfupi, mwembamba, analinda kituo cha pili. Msimu mzima hakupiga home run hata moja. Mwanangu alimpenda kwa sababu alikuwa haachi mpira upite hivi hivi. Anasimama, anautazama, anakataa ule mbaya, anakataa tena, mtupaji anakasirika, anaishia kumpa kituo cha kwanza bure. Mimi nilikuwa namtazama jitu jingine lenye mabega mapana. Yule mfupi ni Mookie Betts, aliyekuja kuwa mmoja wa nyota wakubwa wa besiboli. Mtu angenijia mwaka ule akanipa mtupaji nyota na kuniambia, "niongezee na huyo mfupi," ningemwongezea bila kuacha kutafuna.

Tangu siku hizo, nikiwa upande wa kutoa, wa nyongeza namtafuta kuliko wa kwanza: nasoma amekataa mipira mingapi mibaya, ana umri gani akilinganishwa na wenzake wa ligi ile. Nikiwa upande wa kupokea, naomba nyongeza kila mara, na naomba mpigaji wa miaka 17 hadi 19. Jirani yetu Mganda ndiye peke yake asiyeguswa na mbinu hii. Alimchukua David Matoma, kijana wa kwao anayetupa mipira ya moto kwenye ligi ndogo za Pirates wa Pittsburgh, chaguo la mwisho kabisa, na ukimwomba kama nyongeza anakuuliza kama na wewe ungetoa shamba la babu yako.

Nimepewa ofa wiki hii na mmoja wenu wageni, na sitasema ni nani. Anataka kunipa mtupaji aliyeshika nafasi ya tatu kwa straiki mwaka jana, anaomba vijana wangu wawili, na sentensi ya mwisho ya ujumbe wake imeandikwa kwa herufi ndogo: "na yule mdogo wa miaka 17, tumalize." Kwa hiyo ndugu yangu umeshajifunza kabla sijakufundisha. Ijumaa mtupaji wako anacheza mechi ya mazoezi kule Florida. Wacha kwanza niangalie kipima kasi kinasema nini, tutaongea Jumapili baada ya ibada.