Traka si sikwensa iliyosimamishwa wima

Nilipofungua traka, programu ya kutungia muziki, mara ya kwanza nilidhani nimekosea programu. Skrini nzima namba na herufi, utadhani daftari la mhasibu. Nilizoea sikwensa, programu ya kawaida ya kupanga muziki: noti ni vijiti vilivyolala, muda unakwenda kulia, kila kitu unavuta kwa mausi. Huku muda unashuka chini, na noti unaiandika kwa kibodi ya kompyuta.

Kosa langu lilikuwa kulazimisha tabia za sikwensa. Nikibonyeza noti tatu za kordi, yaani noti za kulia pamoja, zinapangana mstari baada ya mstari, kila moja ikiikata iliyotangulia. Kumbe traka za asili hazitaki utani: chaneli moja (njia ya kupitishia sauti), sauti moja kwa wakati. Ultimate Soundtracker ya Karsten Obarski, mwaka 1987, iliandikwa kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, na chipu yake ya sauti ilikuwa na chaneli 4 tu. Leo traka kama Renoise au OpenMPT zitakupa chaneli tele, lakini anza na 4. Utajifunza kuchomeka ngoma kwenye mwanya wa besi, na huko kukatana ndiko kunakozaa mdundo.

Kordi je? Kwenye traka za mtindo huo wa asili, andika amri 037 pembeni ya noti. Noti ya msingi, ya nusutoni 3 juu na ya nusutoni 7 juu zitapokezana haraka mno hadi sikio lizisikie kama kundi.

Amri ninayoipenda kuliko zote ni 9: inaanza kupiga sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa, kutoka katikati. Chukua kipande kimoja cha ngoma, badilisha namba tu, na umekipangua upya bila kukata chochote.

Ila angalia, namba ni za heksadesimali, yaani zinahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi. Niliandika C32 (C ni amri ya ukubwa wa sauti) nikitaka nusu ya sauti, maana kilele ni 64. Ikatoka 50! Nusu, yaani 32 ya kawaida, ni C20.

Jambo jingine: faili la MIDI, ambalo sikwensa hutoa, hubeba maagizo ya noti tu, kwa hiyo piano yako kwa mwenzako inaweza kulia kama filimbi ya plastiki. Faili la MOD, la traka, hubeba na sampuli zenyewe.

Sikwensa sijaitupa. Nikitaka kupiga kinanda kwa mkono, vidole vikichelewa na kuwahi vitakavyo, narudi huko. Ngoma na besi nazipeleka kwenye traka.