Rasimu ya kanuni ya haidrojeni safi imetoka: chama chetu kidai nini?

Swali: Niko kwenye sekretarieti ya chama cha kanda cha wafanyabiashara wa haidrojeni. Serikali imetoa rasimu ya vigezo vya "haidrojeni safi" vitakavyoamua nani apate nafuu ya kodi, na imetupa siku 60 za kutoa maoni. Wenye elektrolaiza (mitambo inayopasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni) na wanaoitengeneza kwa gesi asilia hawaelewani hata kidogo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufanyaje, na sisi tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni na jedwali la viwango. Barua ya kumpongeza waziri itasubiri. Katika sekta hii pesa zinakaa kwenye desimali, na chama kisichojua desimali ipi inawaumiza wanachama wake hakina cha kuomba.

Chukueni mfano wa Marekani. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 iliweka nafuu ya kodi ya hadi dola 3 kwa kilo ya haidrojeni, kwenye kifungu cha 45V cha sheria ya kodi. Dola 3 anapata anayetoa chini ya kilo 0.45 za kaboni dioksidi kwa kila kilo ya haidrojeni. Kuanzia 0.45 hadi kabla ya 1.5 ni dola 1. Kabla ya 2.5 ni senti 75. Mpaka 4 ni senti 60. (Hapo awe ametimiza masharti ya mishahara na mafunzo kazini. La sivyo, anapata moja ya tano tu.)

Sasa pigeni hesabu. Elektrolaiza inakula takriban kilowati-saa 55 kutengeneza kilo moja. Gridi iwe inatoa gramu 400 za kaboni dioksidi kwa kila kilowati-saa. Mwanachama akichota humo asilimia 2 tu ya umeme wake, na uliobaki wote ukatoka kwenye upepo na jua, tayari ana kilo 0.44. Asilimia 2 ya mwaka ni kama saa 175, yaani wiki moja na ushee ya upepo kutulia. Akifika asilimia 3 anakuwa na 0.66, na dola 3 imegeuka dola 1. Kiwanda cha tani 10 kwa siku kinachofanya kazi mwaka mzima hapo kimepoteza dola milioni 7.3.

Ndiyo maana mvutano mkubwa ulikuwa juu ya saa. Umeme jadidifu ulionunuliwa ulinganishwe na uliotumika kwa hesabu ya mwaka, au saa kwa saa? Kwa hesabu ya mwaka, ile wiki ya gridi inafidiwa na ziada ya siku za jua kali na kupotea kwenye karatasi. Kwa hesabu ya saa haipotei. Rasimu ya Marekani ya Desemba 2023 ilitaka saa kwa saa kuanzia 2028. Yakaja maoni yapatayo 30,000, na kanuni ya mwisho ya Januari 2025 ikataja 2030. Ulaya nako ni mwezi kwa mwezi hadi mwisho wa 2029, kisha saa kwa saa.

Msiipuuze hoja ya wanaotaka saa kwa saa, maana ni nzito. Elektrolaiza inayotegemea gridi hiyo peke yake inatoa kilo 22 za kaboni dioksidi kwa kilo ya haidrojeni, wakati gesi asilia isiyonaswa kaboni yake hutoa 9 au 10 hivi. Ofisa atawauliza hilo, na chama kisicho na jibu hakitaitwa tena mezani.

Kuhusu ugomvi wa ndani: msitafute msimamo mmoja juu ya kila kitu. Wa gesi wanaumizwa na desimali nyingine kabisa, ile ya methani inayovuja kati ya kisima na kiwanda, kama itatumika wastani wa taifa au vipimo vya bomba lao wenyewe. Wa gesi na wa elektrolaiza wanaweza kuafikiana kwamba kigezo kiwe kilo za kaboni bila kutaja teknolojia, na kwamba vipimo halisi vikubaliwe pale vilipothibitishwa. Yaliyobaki chama kinyamaze, kila kampuni ipeleke maoni yake. Msimamo uliolainishwa mpaka kila mtu atabasamu hausomwi na yeyote.

Andiko lenyewe lijengwe kifungu kwa kifungu: namba ya kifungu, tatizo, hesabu, kisha maneno mbadala yaliyo tayari kunakiliwa. Kwa mfano: "Badala ya 'kila saa kuanzia 2028', isomeke 'kila mwezi hadi 31 Desemba 2029, na kila saa baada ya hapo'." Chini yake wekeni sababu inayoweza kukaguliwa, kwa mfano kwamba vyeti vya umeme bado havionyeshi saa ya uzalishaji. Ombeni pia kinga ya miradi iliyotangulia. Ulaya inataka mtambo wa umeme usiwe umeanza zaidi ya miezi 36 kabla ya elektrolaiza, ila elektrolaiza zitakazoanza kabla ya 2028 zimesamehewa sharti hilo hadi mwisho wa 2037.

Angalieni mlango unafungwa lini. Kanuni za aina hiyo za Ulaya zikishapitishwa na Kamisheni, ambayo ndiyo serikali ya Umoja wa Ulaya, Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama wanaweza kuzikataa, lakini hawawezi kubadili hata koma. Anayeanza ushawishi hapo amechelewa.

Nguvu yenu ya kikanda ni ramani. Mei 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuifuta nafuu ya 45V kwa miradi isiyoanza kujengwa kabla ya 2025 kwisha. Sheria iliyosainiwa 4 Julai ikaipa miradi mpaka mwisho wa 2027 kuanza ujenzi, wakati awali ilikuwa mwisho wa 2032. Mnapofika kwa mbunge, mpeni karatasi moja: miradi iliyo jimboni mwake, ajira, na tarehe ya kuanza ujenzi. Wastani wa taifa haumsumbui.

Kukusanya takwimu ndiko kunakoponza vyama vingi. Wanachama ni washindani, na wakianza kutajiana bei za umeme au za haidrojeni kwenye kikao, sheria ya ushindani inaweza kukiita kikao hicho njama. Mpeni mkaguzi wa nje apokee tarakimu za kila kampuni na awarudishie wastani tu. Kampuni zikiwa mbili au tatu hata wastani unazifichua, kwa hiyo uacheni. Ajenda ipite kwa mwanasheria kabla ya kikao, na kumbukumbu ziandikwe siku hiyo hiyo.