Jenomu za kakakuona: utofauti mdogo mno?

SWALI: Nimesoma DNA ya magamba ya kakakuona wa tumbo jeupe wa Afrika, nikailinganisha na jenomu (DNA yote) ya kakakuona wa China. Utofauti wa kijenetiki kati ya wanyama wangu umetoka mdogo mno. Je, ni dalili ya kutoweka?

JIBU: Usitangaze hilo bado, huenda kosa liko kwenye kipimo. Spishi hizi ziliachana zamani sana: wa China ana kromosomu (vifurushi vya DNA) 40, jike wa tumbo jeupe 114. Vipande vya DNA vilivyosomwa hupangwa juu ya jenomu ya rejea, yaani ile ya kulinganishia; vinavyotofautiana nayo sana hukosa pa kukaa, vikatupwa, hubaki vinavyofanana. Tumia rejea ya spishi yenyewe.

Kisha tazama kina, yaani kila mahali pa DNA pamesomwa mara ngapi. Mahali paliposomwa mara 4 tu, nakala ya baba au ya mama hukosekana kwa urahisi, mnyama akaonekana ana nakala mbili sawa. Punguza sampuli zote zifikie kina kimoja kabla ya kulinganisha.

Gamba nalo ni keratini (protini ya kucha na nywele), DNA yake chache na imekatikakatika. Kwangua uso wa nje uutupe, chukua unga wa shinani, liliposhikana na ngozi. Herufi ya DNA C iliyogeuka T kwenye ncha za vipande mara nyingi ni uharibifu, usiihesabu.

Jeni ya ENAM ikionekana imekufa, yaani haifanyi kazi tena, usishtuke. Ni ya kutengeneza enameli (tabaka gumu la nje la jino), na kakakuona hana meno.