Mizizi nayo ina saa yake: tunajibu maswali ya wakulima wa Mwanza

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: mmea hufanya kazi gani, saa ngapi, hasa huko chini tusikokuona.

Kisesa: Jirani yangu anasema mizizi hukua usiku tu, mchana mmea unatafuta chakula. Ni kweli?

Nusu yake. Mizizi hukua mchana na usiku, ila usiku hutegemea akiba. Mchana majani hutengeneza sukari. Sehemu hushuka mizizini siku hiyo hiyo, sehemu huhifadhiwa ndani ya jani kama wanga. Giza likiingia, jani huuvunja wanga huo kidogo kidogo na kuendelea kulisha ncha za mizizi.

Ugawaji wake ni wa hesabu kali. Watafiti walipima Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumika sana maabara, wakaona wanga hupungua kwa kasi karibu ile ile usiku kucha, na alfajiri hubaki kidogo tu. Ni kama mama anayepima unga wa ghalani hadi mavuno mapya. Kinachokadiria alfajiri ni saa ya ndani ya mmea, yenye mzunguko wa takribani saa 24. Mimea ambayo saa hiyo inakimbia humaliza wanga kabla hakujapambazuka, na saa za mwisho za usiku hushinda na njaa. Isiyoweza kabisa kuhifadhi wanga, mizizi yake hudorora giza linapoingia.

Kwa hiyo mzizi wa usiku wa leo unajengwa na jua la mchana wa leo. Siku ya mawingu mazito, usitegemee mizizi mingi.

Nyegezi: Mzizi uko gizani. Unajuaje kama kumekucha?

Kwanza, saa haihitaji jua ili itembee. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka mmea unaofunga majani usiku mahali pa giza, na ukaendelea kuyafungua na kuyafunga kwa wakati wake. Jua kazi yake ni kuirekebisha saa hiyo kila siku.

Mzizi hupata habari kutoka juu. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba saa ya mizizi ni rahisi kuliko ya majani, na hulinganishwa nayo kwa ishara zinazotokana na usanisinuru, yaani kazi ya majani ya kutengeneza sukari kwa mwanga. Mwaka 2020 ikabainika kuwa protini iitwayo ELF4 husafiri kutoka sehemu za juu hadi mizizini na kubadili mwendo wa saa huko, na safari yake huathiriwa na joto. Ndiyo maana tunasisitiza: ukitaka kutunza mizizi, anza na majani.

Buswelu: Kitalu changu cha nyanya kiko chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Je, ina madhara?

Inategemea ukali wake na zao. Taa ya ukutani haina nguvu ya kuulisha mmea, kwa hiyo usidhani unaongeza chakula. Inachoweza kufanya ni kuvuruga hesabu ya usiku. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima. Tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki nusu saa. Mimea yetu haijazoea usiku usio na giza.

Mpunga ndio unaoonyesha wazi zaidi. Aina zinazosubiri usiku mrefu ili zitoe masuke huchelewa kando ya taa za barabarani, na jaruba moja likawa na mpunga uliokomaa upande wa mbali na mbichi upande wa taa. Nyanya na biringanya zina shida nyingine: zikipewa mwanga mkali saa 24 mfululizo, majani hupata mabaka ya njano na kushindwa kufanya kazi, na mizizi hukosa chakula.

Ushauri wetu: geuza taa ielekee mlangoni, au ikate mwanga kwa kipande cha bati juu ya kitalu. Taa inayowaka mtu akipita tu ni bora zaidi, na inapunguza bili.

Magu: Asubuhi mahindi yangu yana matone kwenye ncha za majani hata siku isiyo na umande. Pia, nimwagilie saa ngapi?

Matone yale yamesukumwa na mizizi. Usiku majani hayapotezi maji mengi, lakini mizizi inaendelea kuingiza chumvichumvi na maji huifuata; shinikizo linalotokea huyatoa maji kwenye ncha. Umande hulowesha jani zima, haya hukaa nchani na pembeni tu. Ni dalili kwamba udongo una maji na mizizi ni hai. Yakikauka na kuacha weupe au kuunguza ncha, punguza mbolea ya chumvi.

Kuhusu saa: kwenye ngozi za seli za mizizi kuna vijilango vya maji, akwaporini. Mizizi haipitishi maji kwa wepesi ule ule saa zote. Wepesi huo hupanda kuelekea mchana na kushuka usiku, na saa ya ndani ndiyo huuandaa. Mwagilia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, udongo uwe umelowa mizizi inapofunguka. Jioni inakubalika kama utalowesha udongo bila kugusa majani. Hewa ya ziwa ina unyevu, na majani yaliyolala mabichi hukaribisha ukungu.

Lowesha kina cha sentimita 20, na pande zote za shina. Mizizi ya pembeni huchipua upande unaogusa maji. Anayemwaga keni upande mmoja kila siku hupata mmea wenye mizizi ya upande mmoja, na upepo wa ziwani huulaza.

Sengerema: Nikihamisha miche ya nyanya, mingi hunyauka siku ya pili.

Ukihamisha asubuhi, mche wenye mizizi iliyokatika unakutana na jua la saa 8 mchana siku ile ile. Hamisha kuanzia saa 10 jioni: mche una wanga wa mchana mzima, na mbele yake kuna takriban saa 12 za kutengeneza mizizi bila kudaiwa maji na majani. Wiki moja kabla, punguza maji na uondoe kivuli polepole. Chukua miche yenye majani halisi 4 au 5 (usihesabu yale mawili ya mwanzo yaliyotoka na mbegu), mwagilia kitalu saa moja kabla ya kung'oa, toa mche na udongo wake, weka nusu lita ya maji shimoni, na uweke kivuli chepesi siku 3 hadi 5.

Kama miche iko kwenye viriba vyeusi, angalia upande unaopigwa na jua la alasiri. Joto la udongo likipita nyuzi 35, mizizi ya nyanya hudorora, na mara nyingi utakuta upande ule hauna mizizi kabisa. Visogeze viriba vibanane, funika pembeni kwa nyasi.

Misungwi: Mbolea ya kukuzia niweke asubuhi au jioni?

Mizizi hunyonya naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, zaidi mchana, sukari inaposhuka kutoka majani. Lakini punje za mbolea za urea au CAN hukaa udongoni siku kadhaa, kwa hiyo saa si hoja. Hoja ni unyevu na kufukia. Mbolea iliyoyeyushwa kwenye maji ndiyo iwekwe asubuhi.

Nansio, Ukerewe: Tunachuma matembele kila wiki kwenye matuta ya viazi vitamu. Viazi vimekuwa vidole.

Mnachuma ghala lenyewe. Kila jani linaloondoka lilikuwa na wanga wa usiku huo, na viazi hujengwa na kinachobaki mizizi midogo ikishakula. Tengeni tuta moja au mawili ya mboga, mchume humo mpendavyo. Matuta ya viazi yaacheni, hasa baada ya mwezi wa pili tangu kupanda, viazi vinapoanza kujaa. Mkilazimika, kateni ncha chache tu kwa kila shina, mkiacha majani makubwa.

Mwalimu, Igoma: Wanafunzi wanaweza kuona mizizi ikikua?

Wanaweza. Kata juu ya chupa ya maji ya lita 1.5 iliyo angavu, toboa matundu 5 chini, jaza udongo uliochekechwa. Panda maharage 2 yakigusa ukuta, kina cha sentimita 3. Ilaze chupa kidogo, ukuta wenye mbegu uwe chini, ili mzizi ukishuka uteleze juu ya plastiki. Ifunge nailoni nyeusi. Mizizi hukimbia mwanga. Fungueni saa 12 asubuhi na saa 12 jioni tu, mweke alama ya kalamu kwenye ncha.

Siku za mwanzo mche unakula mbegu, kwa hiyo vipimo vya maana vianze majani halisi yakifunguka. Chupa ikae kivulini na majani juani: ikipigwa na jua mtakuwa mnapima joto la udongo. Kisha chupa ya pili ifunikwe majani kwa boksi siku 2, na mlinganishe alama.