Kabla hujatuma kichwa cha habari cha Uingereza kwenye grupu

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Aprili 2022, siku waziri mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alipotangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda watu wanaoingia Uingereza kwa boti ndogo, niliona kichwa cha habari kwenye simu, nikakigeuza Kiswahili, nikarekodi voisi ya nusu dakika na kuitupa kwenye grupu letu la watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Leicester. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba sasa wageni wanapelekwa Kigali. Dada mmoja anayetunza wazee, mwenye viza halali ya kazi, hakwenda kazini siku mbili, na simu akazima.

Siku ya tatu mumewe alinijia dukani. Hakufoka. Aliuliza tu, "Kaka, ile habari uliisoma mpaka mwisho?"

Sikuwa nimeisoma. Nilipoifungua mbele yake, huko chini kabisa, baada ya picha mbili na tangazo la magodoro, ilieleza kwamba mpango unawahusu walioingia nchini bila ruhusa kuanzia tarehe 1 Januari mwaka huo. Mwenye viza hakuguswa hata kidogo. Katika habari yenyewe hapakuwa na neno la uongo. Uongo niliutengeneza mimi, ila malighafi alinipa mhariri.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote, maana wakati huo nilikuwa na miaka sita ya kupanga magazeti ya Uingereza kwenye rafu kila alfajiri.

Tajiri yangu ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kiswahili chake ni cha dukani, ngeli hazijui, lakini bei na matusi anavitaja bila kukwama. Mwaka huo wa 1972 halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, likiwasihi Waasia wa Uganda wasije Leicester kwa sababu nyumba, shule na huduma zimeelemewa. Walikuja kwa maelfu. Mzee akisimulia hucheka mpaka miwani inashuka: "Mimi hapana jua Leicester iko wapi. Gazeti nasema usikuje. Basi mimi najua iko mji!"

Saa kumi na moja alfajiri magazeti huletwa yamefungwa mabunda kwa kamba za plastiki. Unakata kamba, unahesabu, unapanga. Kazi hiyo inakuonyesha kitu ambacho msomaji wa gazeti moja hakioni: kurasa za mbele kumi bega kwa bega, tukio moja, kila ukurasa na uso wake. Mzee alinifundisha kuwatambua wateja kwa magazeti yao. Mwalimu mstaafu, Guardian. Mama wa mtaa wa pili, Daily Mail. Dereva wa basi ambaye chama cha wafanyakazi kwake ni kama dini, Mirror. Ukikosea ukampa mtu gazeti la mwenzake, anakutazama kama umempa mswaki uliokwisha kutumiwa.

Asubuhi iliyonifumbua macho ni ya tarehe 4 Novemba 2016. Siku moja kabla, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wameamua kwamba serikali haiwezi kuanzisha mchakato wa kujitoa Umoja wa Ulaya bila idhini ya Bunge. Nilipokata kamba ya Daily Mail nikakutana na picha za majaji hao, na chini yake kwa herufi za kutisha: "Maadui wa Umma". Daily Telegraph nalo: majaji dhidi ya wananchi. Mimi nimekulia Tanga, nimeshasikia magazeti yakifungiwa kwa maneno mepesi kuliko hayo, kwa hiyo nikamuuliza Mzee kama Mail litafungiwa wiki au mwezi. Akanitazama kwa huruma. Gazeti halikufungiwa hata saa moja.

Ndipo nilipoanza kuuliza, na jibu lake ndilo ningependa kila Mswahili anayefuatilia habari za Uingereza alijue kabla ya kitu kingine chochote. Nchi hii ina vyombo vya habari vya aina mbili vinavyoishi chini ya kanuni mbili. Redio na televisheni zinasimamiwa na Ofcom, mamlaka ya utangazaji, na kanuni yake inazitaka zisiegemee upande katika habari. Wakati wa uchaguzi kamba hukazwa zaidi. Magazeti hayana sharti hilo. Yako huru kuwa na chama, kumpigia debe mgombea, kumkejeli mwingine kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mengi yako chini ya IPSO, chombo kilichoanzishwa mwaka 2014 baada ya kashfa ya wanahabari kudukua simu za watu, lakini kazi ya IPSO katika hili ni usahihi, si mizania. Guardian na Financial Times hata huko hayamo.

Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba Telegraph linakipendelea chama cha Conservative, ni sawa na kulalamika kwamba shabiki wa Simba anaishangilia Simba. Ndiyo kazi yake. Malalamiko yenye uzito ni pale chombo kilichoapa kuwa refa kinapokutwa na jezi ndani ya koti.

Ushabiki wenyewe nao una hesabu zake. Mzee anaukumbuka ukurasa wa mbele wa Sun siku ya uchaguzi, Aprili 1992: kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa chama cha Labour, ndani ya balbu ya umeme, na ombi kwamba akishinda, mtu wa mwisho kuondoka Uingereza azime taa. Kinnock alishindwa, na siku mbili baadaye Sun likajigamba kwamba ni lenyewe lililoshinda. Miaka mitano baadaye gazeti hilo hilo lilikuwa upande wa Labour ya Tony Blair. Mwaka 2009 likarudi kwa Conservative. Mkesha wa uchaguzi wa Julai 2024 likamuunga mkono Keir Starmer wa Labour, wakati kila kura ya maoni ilikwisha onyesha kwamba anashinda. Wengine husema Rupert Murdoch, mwenye gazeti, ndiye anayewachagua mawaziri wakuu. Nikitazama tarehe hizo naona zaidi mtu anayenusa upepo kabla hajatweka tanga.

Vichwa vya habari ndivyo vinavyotuumiza sisi wa kutafsiri. Machi 2016 Sun liliandika kwamba Malkia anaunga mkono Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya. Ikulu ya Buckingham ikalalamika, na IPSO ikaamua kwamba kichwa hicho kilipotosha, kwani maelezo yaliyokuwa chini yake hayakukibeba. Sasa fikiria wangapi walisoma kile kichwa, na wangapi walisoma uamuzi wa IPSO wa Mei. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuza yale magazeti kwa mikono yangu na uamuzi niliusikia mwaka uliofuata.

Lakini upendeleo mwingi haukai kwenye kupotosha. Unakaa kwenye kuchagua nomino. Watu wale wale waliovuka bahari kutoka Ufaransa, gazeti moja linawaita waomba hifadhi, la pili wahamiaji, la tatu wahamiaji haramu, na kila neno limeshatoa hukumu kabla kitenzi hakijafika. Juni 2022 ndege ya kwanza ya Rwanda ilikuwa tayari kuruka, ikazuiwa usiku baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuingilia kati. Kesho yake, kwenye rafu yangu, ungeweza kusoma habari ambayo mhusika mkuu ni jaji wa Strasbourg, mji yaliko makao ya mahakama hiyo, anayeifunga mikono nchi huru, na ukasogea hatua moja ukasoma nyingine ambayo mhusika mkuu ni mtu aliyeketi ndani ya ndege hajui kesho yake. Ndege moja, usiku mmoja. Ukitafsiri, tazama kwanza nani amewekwa kuwa mtenda, halafu jiulize mwenzake angemweka nani.

Wengi mtaniambia: mimi nasikiliza BBC, nimemaliza. Nakuelewa. Idhaa ya Kiswahili ipo tangu 1957, na nyumbani kwetu babu akiwasha redio jioni, mtoto akikohoa anatolewa nje. Nilipofika huku nilishangaa kuwakuta Waingereza wenyewe wakigombana kuhusu BBC kama wanavyogombana warithi. Wa kulia wanasema ni ya mrengo wa kushoto, wa kushoto wanasema inaogopa serikali, na wote wanailipia kwa ada ya televisheni, pauni 174.50 kwa mwaka kufikia 2025.

BBC hukosea kwa namna mbili, na ya kwanza ni ya kutafuta usawa kupita kiasi. Agosti 2017 kipindi cha Today cha redio kilimhoji Lord Lawson, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, kuhusu tabianchi. Alisema kwa miaka kumi iliyotangulia joto la dunia lilikuwa limeshuka kidogo, kinyume cha vipimo, na mtangazaji hakumbana. Ofcom iliamua mwaka uliofuata kwamba kanuni zilivunjwa, na BBC ikawaandikia wanahabari wake kwamba hawahitaji mpinzani wa sayansi ili mjadala uonekane una mizania. Muuza duka analielewa hili haraka. Mizani haipo ili pande mbili zilingane. Ipo ili ionyeshe upi mzito. Ukiweka kidole upande mwepesi ili zilingane, umeiba.

Namna ya pili ni mkasi. Kipindi cha Panorama kilichorushwa kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2024 kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, siku wafuasi wake walipovamia Bunge la Marekani, vilivyotamkwa kwa tofauti ya zaidi ya dakika 50, vikasikika kama sentensi moja. Mambo yalipofichuka Novemba 2025, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness wakajiuzulu. Mimi simpendi Trump, na ndiyo sababu kile kipande kilipita masikioni mwangu laini kama uji. Siku ile ile kwenye grupu kulikuwa na wenzangu wakisema "lakini si tunajua alichomaanisha?" Hapana, ndugu zangu. Tukiruhusu hivyo kwa tusiyempenda, hatuna mdomo wa kulalamika siku mkasi ukitugeukia.

Na hapo nikiri kosa langu la pili, lililochukua muda kuonekana. Mimi ni mhamiaji, na Guardian linanipendeza, linaniandika kama binadamu. Kwa miaka nilikuwa nalisoma hilo tu, nikijiambia nafuatilia habari. Uchaguzi wa Julai 2024 ukaja. Labour ilishinda nchi nzima kwa kishindo, lakini hapa kwetu jimbo la Leicester East likaenda kwa Conservative, kiti pekee walichowanyang'anya wengine katika uchaguzi ule, na Leicester South ikaenda kwa mgombea binafsi, Shockat Adam, aliyembwaga Jonathan Ashworth wa Labour huku Gaza ikiwa mioyoni mwa wapiga kura. Mji ninaoishi, mtaa ninaouza maziwa! Nilipigwa na butwaa. Mzee hakushangaa hata kidogo. Yeye hasomi gazeti lolote mpaka mwisho, ila anaongea na wasomaji wa yote kumi.

Sasa nafanya hivi. Habari ikinigusa naitafuta kwa chombo ninachokipenda na kwa kimoja kinachonikera, na naanza na kinachonikera, kwa kuwa nikianza na changu hamu ya kusoma cha pili huisha. Safu ya maoni siiiti habari, hata ikiwa imeandikwa na mtu ninayemheshimu. Hukumu ya mahakama au sheria ikitajwa, natafuta muhtasari wa mahakama yenyewe au ukurasa wa serikali. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilipoukataa mpango wa Rwanda, muhtasari wake wa kurasa chache ulinieleza mengi kuliko magazeti yote ya asubuhi ile. Na kama jambo linahusu viza ya mtu, sirekodi voisi. Naandika, naweka kiungo, nataja linawahusu nani na haliwahusu nani.

Yule dada alinisamehe, ila ananiadhibu polepole. Kila nikituma kitu kwenye grupu, kabla hajatokea mwingine yeyote, yeye huandika maneno yale yale matatu: "Aya ya ngapi?" Wiki iliyopita nilituma picha ya mtoto wangu akiwa na sare mpya ya shule. Akaandika hivyo hivyo.